Matsuo Basho: alipita katika baridi ili amuone rafiki

Huku kwetu Kivu, mugomba ni chakula. Mutu akipanda mugomba anangojea ndizi za kupika, ndizi za kuiva, ao kasiksi ya siku ya ndoa. Mugomba usiozaa tunaukata. Lakini kule Japani kulikuwa mutu mumoja aliyepata jina lake kwa mugomba ambao haukumupa ndizi, na leo, zaidi ya miaka 300 kisha kufa kwake, watoto wa shule wa inchi ile wanajua jina hilo. Jina lenyewe ni Basho. Kwa Kijapani, basho maana yake ni mugomba.

Basho alikuwa mutunga mashairi na mutembezi wa miguu. Tutaeleza maisha yake, zaidi upande mumoja: namna alivyoishi na wakati wa baridi. Japani iko na majira ine, na baridi ya kule si ile ya asubuhi ya kwetu inayoisha jua likipanda. Sisi theluji tunaijua kwa kuiangalia mbali, juu kabisa ya mulima Ruwenzori, upande wa Beni. Kule inashuka mupaka kwenye mulango wa nyumba, na katika majimbo fulani inapita urefu wa mutu. Watu wengi wa wakati ule, baridi ikifika, walijifungia ndani. Basho alichukua fimbo na kuondoka. Kwa nini? Jibu linapatikana katika hadisi ya urafiki wake na muuza muchele mumoja aliyefukuzwa kwao.

Mutumishi aliyependa mashairi

Basho alizaliwa mwaka wa 1644 katika muji wa Ueno, jimbo la Iga, bonde lililozungukwa na milima kati ya Nara na Nagoya. Jina la mugomba lilikuja nyuma; zamani zile Mjapani aliweza kubadilisha jina mara nyingi katika maisha yake. Baba yake, Matsuo Yozaemon, alikufa mwaka wa 1656, mutoto akiwa na miaka 12 hivi. Nyumba haikuwa na feza nyingi. Kijana akaenda kutumika kwa wakubwa wa jimbo, ukoo wa Todo. Mule alimukuta kijana wa bwana, Todo Yoshitada, aliyemupita miaka miwili tu. Mumoja alikuwa bwana, mwingine mutumishi, lakini wote wawili walipenda mashairi, na mapendo hayo yakawafanya kuwa marafiki.

Inafaa kueleza kidogo mashairi yale, juu bila hayo maisha ya Basho hayaeleweki. Hayakuwa kazi ya mutu mumoja kujifungia na biki na kaye. Watu waliketi pamoja kuzunguka moto. Wa kwanza alitoa kipande kifupi cha silabi 17, wa pili akaongeza kipande cha silabi 14, wa tatu tena 17, na kuendelea hivyo mupaka vipande 36 ao zaidi. Kile kipande cha kwanza kilikuwa na sheria: lazima kitaje jambo moja la majira ya siku ile. Kama ni wakati wa baridi, kitaje theluji, umande ulioganda, mvua ya baridi ao moto wa makala. Kilikuwa pia salamu kwa mwenye nyumba. Ni kipande hicho cha kwanza ambacho, miaka mingi nyuma, kilianza kusimama peke yake na kuitwa haiku.

Sheria ile inaonekana ndogo, lakini ilifundisha watu kitu. Kila mutu aliyetaka kutunga alipaswa kwanza kutoka inje na kuangalia leo kuko nini. Hata siku mbaya kabisa ya baridi ilipaswa kutoa neno lake.

Mwaka wa 1666 Yoshitada akafa ghafula, akiwa na miaka 25. Basho akapoteza rafiki na kazi kwa siku moja. Mwaka wa 1672 akaenda Edo, muji mukubwa wa serikali, ambao leo tunauita Tokyo. Kule alifundisha mashairi, na kwa miaka fulani alishugulika pia na kazi ya mifereji ya maji ya muji. Jina lake likapanda, wanafunzi wakawa wengi. Angeweza kukaa vizuri katikati ya muji, kusahihisha mashairi ya matajiri na kulipwa. Lakini mwaka wa 1680 akahama, akavuka muto Sumida, akaenda kuishi Fukagawa, pembeni ya muji, katika kibanda.

Kibanda na mugomba

Mwaka wa 1681 mwanafunzi wake aliyeitwa Rika akamuletea muche wa mugomba. Ukapandwa karibu na kibanda, ukashika, ukakua. Majani yakawa makubwa mupaka watu wakaanza kuita nafasi ile kibanda cha mugomba, na muzee mwenyewe wakamuita Mugomba. Aina hiyo ya mugomba inavumilia baridi, lakini kule Edo haikutoa matunda ya kula. Basho hakujali. Aliupenda hasa juu haukuwa na faida: shina si la kupasuliwa mbao, na majani yanapasuka upesi upepo ukipita. Sisi tunaojua namna majani ya mugomba yanavyobaki kisha dhoruba, tunaelewa picha hiyo vizuri. Alijiona hivyo mwenyewe, mutu anayepasuliwa na kila upepo.

Maisha ya kibanda hayakuwa raha. Maji ya pale hayakuwa mazuri ya kunywa, watu walinunua maji, sawa vile sisi tunavyofuata bidoni. Wakati wa baridi maji yaliganda katika mutungi, na usiku mutungi ukapasuka kwa nguvu ya barafu na kumuamsha. Muchele aliuweka katika kibuyu kikubwa, na wanafunzi ndio waliokuwa wakikijaza. Kibuyu kikiwa tupu, alingojea.

Mwishoni mwa mwaka wa 1682, kwa hesabu ya mwezi ya Wajapani, moto mukubwa ukashika Edo. Nyumba za mbao na karatasi ziliungua kwa maelfu, na kibanda cha mugomba kiliungua pia. Basho akaokoka bila kitu. Akaenda kukaa miezi fulani katika jimbo la Kai, kwa marafiki. Mwaka wa 1683 mama yake akafa kule Iga, na yeye hakuwa pale. Mwaka uleule marafiki na wanafunzi wakachangisha, kila mutu kadiri ya mukono wake, wakamujengea kibanda kingine. Mugomba mwingine ukapandwa.

Jirani mumoja wa Fukagawa aliitwa Sora. Alikuja mara kwa mara kumusaidia kupika na kupasua kuni. Usiku mumoja wa theluji Sora alipofika kumusalimu, Basho alimuachia kazi ya moto, halafu yeye mwenyewe akaenda inje kuviringisha theluji mupaka ikawa mupira mukubwa, ili amuonyeshe. Ni muzee wa zaidi ya miaka 40 huyo, mwalimu mwenye jina, anacheza sawa mutoto. Hapo ndipo tunaona namna Basho alivyofurahia baridi. Si kwamba hakuisikia. Kila mara ni juu ya mutu mwingine: mumoja anawasha moto, mwingine analeta theluji.

Watu watano kuzunguka moto wa Nagoya

Mwaka wa 1684, kibanda kikiwa kipya, Basho akaanza safari kubwa. Kutembea wakati ule haikuwa muchezo. Barabara zilikuwa na vizuizi vya serikali, kulikuwa milima, mito bila madaraja, na wezi. Alinyoa kichwa na kuvaa sawa padri wa Kibudha, nguo ambazo wasafiri wengi wa aina yake walivaa.

Alipofika kwao Iga, ndugu yake mukubwa akafungua mufuko mudogo wa kumbukumbu na kumuonyesha nywele nyeupe za mama yao. Ni hizo tu alizokuta. Wale kati yetu ambao walikuwa mbali wakati muzazi alipozikwa, kwa sababu ya vita, kazi ao masomo, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Kipindi cha baridi cha mwaka ule kilimukuta Nagoya. Mule alikutana na watu wa muji waliopenda mashairi: Kakei daktari, Yasui muuza nguo, Jugo muuza mbao, na kijana mumoja muuza muchele, Tokoku. Waliketi pamoja, siku kisha siku, wakafanya mafungu tano ya vipande 36. Kitabu kilichotoka mule kiliitwa Fuyu no hi, ni kusema Siku za baridi. Wenye kujua mashairi ya Japani wanasema ni hapo Basho alipopata sauti yake ya kweli. Nasi tunaongeza kwamba ni hapo pia alipomupata Tokoku, ambaye atamupenda sawa mutoto wake.

Lakini mwaka uliofuata, 1685, Tokoku akaanguka. Serikali ilimukamata kwa kuuza muchele ambao haukuwa katika depo: watu walilipa, muchele hakuna. Katika inchi ambako muchele ndio ulikuwa feza, kosa lile lilikuwa kubwa sana. Akanyanganywa mali na kufukuzwa Nagoya. Akapelekwa kuishi katika kijiji cha mbali, kwenye ncha ya inchi inayoingia baharini, karibu na rasi ya Irago. Wazee wetu wanajua jambo la namna hiyo, sawa vile Wabeleji walivyowapeleka wafuasi wa Simon Kimbangu mbali na kwao. Sababu hazifanani, lakini kutengwa na watu wako ni kulekule.

Kurudi nyuma kilometa 100

Mwishoni mwa mwezi wa 11 mwaka wa 1687, Basho akaondoka tena Edo. Baridi ilikuwa imekwisha kuanza. Marafiki walimufanyia karamu za kumuaga, wengine wakamualika kwenye mitumbwi, wengine nyumbani, na wakamuletea vitu vya kumukinga na theluji: kofia, soksi, na koti la karatasi. Ndiyo, karatasi. Wajapani walikuwa na karatasi ngumu ya maganda ya muti, walizoipaka maji ya tunda la kaki na kuifikicha mupaka ikawa laini kama kitambaa. Koti lile ni jepesi, na upepo haupenyi. Mutembezi alilivaa usiku. Alichukua pia koti la mvua, wino, kalamu za manyoya, karatasi za kuandikia, dawa na chakula, yote mugongoni. Mwenyewe aliona kwamba alibeba vingi kuliko nguvu ya miguu yake.

Njia yake ilikuwa ya kwenda mbele, upande wa magaribi, mupaka nyumbani Iga kwa ajili ya mwaka mupya. Alifika Narumi, karibu kabisa na Nagoya. Wanafunzi walimungojea, moto uliwaka, kazi ya mashairi ilikuwa tayari. Hapo akafanya jambo ambalo linaeleza moyo wake. Akarudi nyuma. Pamoja na rafiki mumoja aliyeitwa Etsujin, aliacha njia na kurudi kama kilometa 100 ili kumutafuta Tokoku kule alikofukuzwa.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa 12. Usiku wa kwanza walilala Yoshida. Kisha wakafuata njia nyembamba katikati ya mashamba ya muchele, bahari upande mumoja, na upepo ukitoka baharini bila kizuizi. Hata muti wa kujificha hakuna. Basho alikuwa juu ya farasi, na mutu aliye juu ya farasi anapata baridi zaidi ya anayetembea, juu damu haichemki. Aliandika kuhusu njia ile na namna alivyojisikia ameganda juu ya farasi.

Tokoku alikuwa anaishi Hobi, kijiji kidogo. Fikiri kidogo: wewe ulikuwa tajiri, nyumba yako ilijaa wageni, kisha umefungwa katika jambo la aibu, na wote waliokula kwako wamenyamaza. Miaka miwili imepita. Halafu, siku ya baridi kali, unaona mwalimu mukubwa kuliko wote wa inchi anashuka kwenye farasi mbele ya mulango wako, midomo imekauka kwa upepo. Hakuleta barua ya msamaha. Hakuwa na uwezo huo. Alileta mwili wake tu.

Walienda pamoja kutembea mupaka rasi ya Irago, nafasi inayojulikana kwa mwewe wanaopita juu ya bahari, na kwa mawe meupe ambayo watu waliokota kwa muchezo wa go. Basho alimuona mwewe mumoja peke yake, akafurahi sana, akaandika shairi. Wasomaji wengi wanaamini mwewe yule ni Tokoku mwenyewe.

Kisha akarudi Nagoya, na hapo furaha ya baridi ikaendelea. Wajapani wana desturi ya kutoka pamoja kutazama theluji, sawa vile wanavyotoka kutazama maua ya muti wa sakura wakati wa joto la kwanza, na mwezi mukubwa wakati wa mavuno. Nyumbani kwa muuza vitabu mumoja wa Nagoya, Basho alikuwa wa kwanza kutaka kutoka. Kwake, kuteleza na kuanguka njiani kulikuwa sehemu ya raha.

Mwisho wa mwaka nyumbani

Mwezi wa mwisho wa mwaka wa zamani wa Wajapani ulikuwa na kazi zake, na mingi inaendelea mupaka leo. Tarehe 13 watu walifagia moshi mweusi wa mwaka muzima kwenye paa na nguzo za nyumba, juu waliwasha moto ndani. Nyuma ya hapo walitwanga muchele mupaka ukawa mikate laini inayovutika, mochi. Walilipa madeni. Walikutana kunywa na kusahau mwaka. Waliweka matawi ya musonobari kwenye mulango kumupokea mwaka mupya, ambao kwa hesabu yao ya mwezi ulikuja mwisho wa mwezi wa kwanza ao katika mwezi wa pili wa kwetu, na waliuita mwanzo wa masika.

Basho aliona kazi ya kufagia moshi akiwa njiani, akipita mbele ya nyumba za wengine. Ni kitu kinachouma kidogo kwa musafiri: kila mutu anasafisha kwake, na wewe huna paa la kufagia.

Karibu na Yokkaichi, kwenye mulima unaoitwa Mulima wa Fimbo, alikodi farasi. Kiti kikageuka, muzee akaanguka chini. Alitunga shairi papo hapo kujicheka, na kwa haraka akasahau kutia neno la majira. Mwalimu mukubwa wa Japani alivunja sheria yake mwenyewe, na akakubali kosa kwa maandishi.

Alipofika Iga, walimuonyesha kitovu chake, kile kipande kikavu ambacho familia za Japani zinahifadhi tangu mutoto anapozaliwa. Huku kwetu tunasema kwetu ni pale kitovu kilipozikwa. Kule hawakizike, wanakiweka katika nyumba. Basho, mwenye miaka 43, bila baba, bila mama, bila muke wala nyumba ya kudumu, alishika kitovu chake mwisho wa mwaka na kulia.

Kisha akakunywa na ndugu zake usiku wa kumaliza mwaka, akachelewa kulala, na siku kubwa ya mwaka mupya akalala mupaka ikapita. Wajapani wengi wanaamuka mapema siku ile kuangalia jua la kwanza. Yeye aliandika kwamba siku ya pili hatakosa.

Maua, kukoroma, na kaburi

Hadisi ya Tokoku haikuishia Hobi. Masika ya mwaka wa 1688, kijana aliyefukuzwa akatoka kwa siri na kukutana na Basho kule Ise. Kama wangemukamata, adhabu ingeongezeka. Alijipa jina la kuchekesha, Mangikumaru, sawa jina la mutoto mutumishi, na wakaenda pamoja kutazama maua ya Yoshino, kisha Nara, Suma na Akashi. Alibeba mizigo, alipika, aliuliza njia. Alikuwa pia na kosa moja: usiku alikoroma sana. Basho akachora picha ya ule mukoromo, namna sauti ilivyopanda na kushuka. Picha ile ya muchezo inajulikana hata leo.

Mwaka wa 1689, Basho na yule jirani Sora wakafanya safari iliyompa sifa kubwa kuliko zote, kwenda kaskazini, kama kilometa 2400 kwa siku 150 hivi. Kitabu cha safari ile, Oku no hosomichi, kinasomwa dunia nzima. Vuli ilipokwisha alielekea kwao Iga. Njiani kwenye mulima, mvua ya kwanza ya baridi ikanyesha, na akaona nyani mudogo akinyeshewa. Shairi alilotunga lilitoa jina la kitabu kizima cha wanafunzi wake, Sarumino, mwaka wa 1691. Jina linataja koti la majani makavu, la nyani. Mutu aliyekuwa anasikia baridi mwenyewe alifikiri kwanza koti la nyani.

Katika mwaka wa 1690 habari ikafika: Tokoku amekufa kule alikofukuzwa, akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata, Basho alikuwa anakaa kwa mwanafunzi wake Kyorai, katika kijiji cha Saga, karibu na Kyoto. Usiku mumoja alimuota Tokoku, akaamuka analia. Aliiandika ndoto ile katika kaye yake ya kila siku, akakumbuka zile siku 100 hivi ambazo walilala na kuamuka pamoja.

Mwaka wa 1694, wanafunzi wake wawili wa Osaka walikuwa wanagombana. Basho alikuwa amekwisha kuwa mugonjwa na muzaifu, lakini alienda kuwapatanisha. Alifika vuli, mwili ukakataa, tumbo likamushika. Alilazwa katika chumba cha kukodi nyumbani kwa muuza maua. Wanafunzi wakaja mumoja mumoja kutoka miji mingine, wakaketi kumuzunguka. Shairi lake la mwisho linasema juu ya ugonjwa, safari na mbuga iliyokauka, ambayo ni neno la majira ya baridi. Alikufa tarehe 28 mwezi wa 11, akiwa na miaka 50. Walimupeleka kwa mutumbwi juu ya muto Yodo, kisha mupaka Otsu, kando ya ziwa Biwa, akazikwa katika hekalu la Gichuji.

Kwa kalenda ya zamani, alikufa katika mwezi ambao mvua fupi za baridi zinanyesha, zile Wajapani wanaziita shigure. Ndiyo sababu siku ya kumukumbuka inaitwa siku ya shigure. Wanaokutana siku ile wanasoma mashairi, na mvua ikinyesha wanaona ni vizuri. Kule Fukagawa kuna nyumba ya kumbukumbu yake, karibu na muto uleule.

Leo wageni kutoka dunia nzima wanaenda Japani wakati wa baridi, kuangalia theluji, kuoga katika maji moto ya milimani, kukula mochi ya mwaka mupya. Ni raha, na hatuna neno baya juu yao. Lakini Basho alipoingia katika baridi ya mwaka wa 1687, hakurudi nyuma kilometa 100 kwa ajili ya theluji. Alirudi kwa ajili ya mutu ambaye wengine wote walikuwa na sababu nzuri ya kumusahau. Huku kwetu hatuna theluji ya kupita, lakini karibu kila mutu anamujua mumoja aliyeanguka, yuko kijijini, ao gerezani, ao katika muji mwingine, na njia ya kufika kwake inajulikana.